Kitabu Mkononi, Nyimbo Masikioni

Wiki chache kabla ya mitihani ya kidato cha nne nilipata safari ya Machakos, kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Mji ule si mgeni kwa watu wa Pwani. Kabla reli haijawazwa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka hadi Mombasa na pembe za ndovu, na ya kwetu ikipanda. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipotaka kituo cha bara mwishoni mwa miaka ya 1880, ilikiweka hapo hapo, kwa mzee Masaku, ambaye jina lake ndimi za wageni zililipinda hata likawa Machakos. Baadaye reli iliupita kando mji huo, na mwaka 1899 wakubwa wa serikali wakahamia Nairobi. Hata hivyo Muislamu atokaye Pwani hafiki pale akajihisi mkiwa. Adhana yasikika chini ya vilima vya Iveti, na chai ya tangawizi ipo.

Nilichokikuta nyumbani kwa dada ndicho kilichonitia kalamu mkononi. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa ameketi mezani na kitabu cha biolojia kimefunguliwa mbele yake. Masikioni ametia vile vidude vya simu, kichwa chatikisika kama cha mjusi. Jikoni redio ya mama yake yaimba taarabu. Na ng'ambo ya barabara, juu ya mlango wa duka moja, kipaza sauti chamwaga benga ya Kikamba, magitaa yakifukuzana. Nyumba moja, nyimbo tatu, na mtihani mmoja.

Baba yake alikuwa ameshaikamata ile simu mara tatu na mara tatu ameirudisha. Alisema matokeo ya majaribio yameshuka, na hapana sababu ila hizo kelele. Mama yake alishika upande wa pili: mtoto bila nyimbo haketi kitini hata dakika kumi, heri akae na nyimbo zake kuliko kuranda stendi ya matatu. Nami, kwa kuwa ni mjomba mtu, niliwekwa kati niwe kadhi. Nikasema yale ambayo wajomba wote husema: "Mwanangu, toa vitu hivyo. Kichwa kimoja hakibebi mizigo miwili."

Kijana akavitoa kwa adabu, akaviweka juu ya meza. Kisha akasema: "Mjomba, nikuulize bila ya kukuvunjia heshima. Kule Mombasa chuoni tulikuwa watoto arubaini ndani ya chumba kimoja, kila mmoja asoma sura yake kwa sauti, na mwalimu sauti yake i juu ya zetu. Nami nilihifadhi juzuu kumi katika kelele zile. Tena majina ya Mitume na nguzo za Imani tulisomeshwa kwa kasida, na mpaka leo sijasahau hata moja. Basi vipi wimbo mmoja wa taratibu unitie ujinga?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai yangu hata ikaisha, kisha nikamwambia nitamjibu. Nilirudi Mombasa na deni hilo, na wasomaji wataniwia radhi nikilipa hapa mbele yao, maana nadhani si nyumba ile peke yake yenye kesi hii. Swali la kwamba nyimbo ni halali au haramu liko kwa maulamaa na si la ukurasa huu. Letu ni dogo zaidi: mtoto akisoma huku nyimbo zikipigwa kando, kile akisomacho kinakaa au kinamwagika?

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichimba jambo hili kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1974 Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kwamba mtu anaposoma jambo ili alishike, hana ghala kubwa la kulitupia mara moja. Anacho kwanza kibao kidogo cha kazi, mfano wa ubao wa chuoni unaoandikwa na kufutwa. Sehemu moja ya kibao hicho ni ya sauti. Tunaposoma kimya, ulimi wa ndani husema maneno, na sikio la ndani huyasikia. Tukinyamaza kuyarudia, yanafifia. Na nafasi yenyewe ni finyu: mwaka mmoja baadaye Baddeley na wenzake walionyesha kwamba kiasi kinachokaa hapo ni kile ambacho mtu aweza kukitamka kwa muda wa sekunde mbili hivi. Yeyote aliyewahi kuambiwa nambari ya simu akawa airudia moyoni kutoka barazani hadi ndani kutafuta kalamu, kisha mtu akamsalimia njiani, ajua nini kinatokea.

Sasa wimbo wenye maneno hufanya kazi ya yule msalimiaji. Mlango wa sikio la ndani hauna kitasa. Macho twaweza kuyafumba. Sikio halifumbwi, na maneno ya mwimbaji huingia bila hodi na kukaa katika kijinafasi kile kile ambacho mwanafunzi alikuwa akipangia maneno ya kitabu. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Colle na Welsh, waliwapa watu herufi za kukumbuka kwa mpangilio huku nyuma yao sauti ikisoma Kijerumani, lugha wasiyoijua hata neno. Waliharibikiwa vilevile. Kutoelewa hakukuwakinga. Miaka ya 1980 Baddeley huyo huyo na mwenzake Pierre Salamé waliijaribu miziki: wenye kuimbwa ukasumbua kumbukumbu kupita ule wa ala tupu, na ala tupu nazo hazikuwa bora kuliko kimya.

Hapa ndipo Machakos inapotufundisha jambo. Ukambani ni nchi ya muziki wenye maneno. Marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, na bendi yake ya Kilimambogo Brothers hawakupiga magitaa matupu. Walisimulia visa, wakaonya, wakataniana, kwa Kikamba na mara nyingine kwa Kiswahili. Mpwa wangu hakijui Kikamba vizuri. Kwa hivyo kipaza sauti cha ng'ambo kikiimba, yeye hupotewa na mpangilio wa herufi na nambari, kama wale wa Colle na Welsh. Lakini jirani yake, mtoto wa Kikamba anayesoma hadithi au historia, hupata hasara ya pili: yeye aelewa kinachoimbwa, na akili haiwezi kufuata visa viwili. Majaribio ya Marekani ya mwaka 1988 yalionyesha hivyo, kwamba katika kusoma kwa kuelewa, maneno yenye maana kwa msikiaji ndiyo yanayodhuru zaidi. Na mpwa wangu naye, redio ya jikoni ikipiga taarabu, huwa katika hali ya huyo jirani. Taarabu ni mafumbo. Nani awezaye kusikia fumbo asilifumbue?

"Lakini mimi nyimbo hizi nazipenda," kijana aliniambia, kana kwamba mapenzi ni kinga. Mwaka 2011, huko Wales, Nick Perham na Joanne Vizard waliwapa watu jaribio la kukumbuka mambo kwa mpangilio: mara wakiwa kimya, mara wakisikiliza muziki walioupenda wenyewe, mara muziki walioukirihi. Ule wa kupenda uliwaharibia sawasawa na ule wa kuchukia. Moyo waupenda, kibao cha kazi hakina habari.

Basi na chuo je? Hili ndilo lililonisumbua, maana kijana hakusema uongo. Sote tuliopita chuoni twaijua ile kelele. Mtu akipita nje hudhani ni soko la samaki. Na humo ndani wametoka mahafidhi.

Jibu la kwanza ni kwamba mtoto wa chuoni hasomi kimya. Kinywa chake chafanya kazi. Yeye mwenyewe ndiye mwenye sauti iliyo karibu kabisa na sikio lake, na mwili wote watikisika na aya. Sheikh az-Zarnuji, aliyeandika yapata miaka mia nane iliyopita kitabu cha adabu za mwanafunzi kiitwacho Taalimul Mutaallim, alikwisha kukataza mtu kujizoeza kudurusu kwa kunong'ona. Alitaka darsa irudiwe kwa nguvu na uchangamfu, ila isiwe kwa kujichosha. Tena akaweka hesabu: darsa ya jana irudiwe mara tano, ya juzi mara nne, ya siku iliyotangulia mara tatu, ishuke hivyo hadi mara moja. Mwaka 2010 Colin MacLeod na wenzake huko Kanada walipima wakakuta kwamba maneno yaliyosomwa kwa sauti hukumbukwa kuliko yaliyosomwa kimya. Waliyavumbua upya ya sheikh, na hapana ubaya. Ushahidi wa pili hauharibu kesi.

Jibu la pili lilinishangaza mimi mwenyewe. Mwaka 1995 Dylan Jones na Bill Macken, huko Wales pia, waliuliza: je, sauti zikizidi kuwa nyingi, usumbufu unazidi? Wakakuta kinyume. Sauti moja nyuma ya msomaji husumbua sana, kwa kuwa hupanda, hushuka, hukatika, na sikio hufuata kila mageuzi. Zikiongezeka zikachanganyika, mageuzi hufunikana, ikabaki mvumo mmoja, na mvumo hausumbui kiasi hicho. Watoto arubaini wa chuoni ni mvumo. Ni bahari ipigayo mwamba: mgeni aliyelala pwani usiku wa kwanza hapati usingizi, mwenyeji haisikii. Mwimbaji mmoja ndani ya sikio, kila neno limepambanuka, ni jambo jingine kabisa. Mpwa wangu alilinganisha bahari na bomba linalodondoka.

Hapa lazima niseme neno ambalo wazee wenzangu hawatalipenda. Twakisifu chuo kwa wale waliohitimu. Wale walioshindwa, waliopata viboko wakaitwa wazito, wakatoroka wakaenda kuvua, hatuwahesabu. Pengine baadhi yao tatizo lao lilikuwa kelele tu. Adrian Furnham na Anna Bradley, huko London mwaka 1997, waliona kwamba muziki wa redio uliwaumiza zaidi wale watu wa kujitenga, wanaopenda ukimya, kuliko wale wachangamfu wa kupenda makundi. Watoto si sufuria za kiwanda kimoja. Mwalimu wa madrasa mwenye mtoto wa namna hiyo angempa kona yake au saa yake, badala ya kumhukumu.

Kisha ikaja ile hoja ya kasida, nayo ndiyo nzuri kupita zote, kwa sababu inataka tupambanue mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Kuna sauti iliyobeba maneno unayojifunza, na kuna sauti iliyosimama kando ikibeba maneno yake yenyewe. Ya kwanza ni punda wako. Ya pili ni punda wa jirani ndani ya shamba lako. (Na kisomo cha Kurani kwa tajwidi wala hatukiiti muziki, tunalosema hapa ni juu ya mashairi na kasida.)

Waislamu walilijua hilo la kwanza zamani sana. Ibn Malik, aliyefariki 1274, hakuandika sarufi ya Kiarabu kwa sentensi kavu. Aliitunga kwa beti zinazokaribia elfu moja, Alfiya, ili mwanafunzi aibebe kichwani. Tuhfatul Atfal ya al-Jamzuri, inayofundisha watoto hukumu za tajwidi, nayo ni shairi. Na hapa kwetu, Mwana Kupona alipotaka kumuusia bintiye yapata mwaka 1858, alichagua utenzi, wenye mizani mifupi na kina kinachorudi, ambao mwanamke aliyeweza kuusikia mara kadhaa aliweza kuuchukua bila kuushika kwa mkono. Lamu, pale Riyadha, Habib Saleh aliyefariki 1935 aliruhusu matari katika Maulidi, na wakati wake kulikuwa na waliompinga. Mjadala ule una wenyewe. Lakini hapana mtu wa Lamu, wa upande huu au ule, atakayekana kwamba zile kasida watu wanazo vifuani.

Kwa nini sauti hubeba maneno? Wanda Wallace, Mmarekani, alilipima mwaka 1994. Aliwasikilizisha watu beti za wimbo, wengine zikiimbwa, wengine zikisomwa tu. Walioimbiwa walikumbuka zaidi. Lakini kulikuwa na sharti: lazima sauti ile ile irudi ubeti baada ya ubeti hata sikio liizoee. Ikiwa sauti ni ngeni na imesikika mara moja tu, haikusaidia kitu, kwa sababu msikiaji hujifunza vitu viwili badala ya kimoja. Ndiyo maana utenzi wa beti mia huimbwa kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wageni huliona la kuchosha. Sauti inayorudi ni kama vitanga vya kufumia mkeka: upana wajulikana, ukindu ukipungua waonekana. Mwenye kusahau neno hujua neno lililopotea lina mizani ngapi na linaishia kwa kina gani.

Kwa hivyo kijana alikuwa na haki nusu. Kama angekuwa ametia masikioni beti zinazotaja sehemu za moyo na kazi zake, baba yake hangekuwa na neno.

Watauliza wengine: na ule muziki wa Wazungu unaosemwa kuwa unaongeza akili? Hadithi yake ni fupi. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake huko California waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo kikuu muziki wa Mozart kwa dakika 10, kisha wakawapa mafumbo ya maumbo. Waliosikiliza Mozart walifanya vizuri zaidi, na faida ile haikupita robo saa. Jambo hilo dogo likavimba. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba fedha za serikali, dola 105,000, ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa namna hiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba siri haikuwa kwa Mozart. Ni uchangamfu tu. Wimbo wa furaha humchangamsha mtu, na aliyechangamka hutatua fumbo vizuri kwa kitambo. Hata muziki wenyewe ulipigwa kabla ya mtihani. Haukupigwa wakati wa mtihani, jambo ambalo wauzaji walilipitia mbio.

Hilo la uchangamfu si dogo, wala halikuanzia California. Sultani Bayezid wa Pili alijenga Edirne, mwaka 1488, hospitali ambayo wagonjwa wa akili walipigiwa muziki ili watulie. Msafiri Evliya Çelebi aliiona karne ya 17 akaisifu. Kwa hivyo simkatalii mpwa wangu wimbo wake kabla ya kuketi, akitoka shule amechoka na joto na matatu. Namkatalia ukiwa umekaa naye kitini. Tena ipo kazi ambayo wimbo waifaa hasa, nayo ni kazi ya mkono. BBC mwaka 1940, vita vimepamba moto, ilianzisha kipindi cha muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, kikadumu hadi 1967, na haikuwa kwa wanafunzi. Mababu zetu walipigapiga chokaa ya madari kwa nyimbo. Wanawake wa Machakos, katika vikundi vyao vya mwethya, walichimba makinga maji ya fanya juu katika milima ile kwa kuimba, na atazamaye mashamba yale ya ngazi ngazi leo aona wimbo ulifanya nini. Mikono hupata mwendo, uchovu hujificha. Mwaka 2011 Wajerumani walikusanya majaribio mengi ya miaka mingi wakayachanganya, wakapata kwamba muziki wa pembeni huwafaa wanamichezo na hupendeza nyoyo, lakini husumbua kusoma. Wapiga jembe wa mwethya hawakuwa wakihifadhi majina ya mifupa.

Bado liko jambo la chumba cha mtihani. Mwaka 1975 Baddeley na mwenzake Duncan Godden waliwachukua wapiga mbizi, wakawasomesha maneno wengine chini ya maji na wengine nchi kavu. Waliojifunza majini walikumbuka zaidi majini, na wa nchi kavu nchi kavu. Muziki pia una tabia hiyo: mwaka 1985 ilionekana kwamba wanaojifunza na wimbo fulani nyuma yao hukumbuka vizuri zaidi wimbo huo huo ukirudi. Sasa niambie, msomaji, mtihani wa kidato cha nne una wimbo gani? Simu zimepigwa marufuku, msimamizi amesimama, na sauti pekee ni ya viatu vyake. Mtoto aliyezoea kupiga mbizi atainuliwa nchi kavu siku ile ile ya hesabu.

Mpaka hapa nimemhukumu kijana. Lakini vidude vya masikioni aweza kuvitoa. Kipaza sauti cha duka atakitoa vipi?

Machakos ni mji wa shule. Shule ya Machakos ilifunguliwa 1915, mji una chuo kikuu kilichopata hati yake 2016, una chuo cha walimu, na wanafunzi wa kutwa wamepanga vyumba karibu na stendi na maduka. Huko New York, mwaka 1975, Arline Bronzaft alichunguza shule moja iliyopitiwa ubavuni na reli ya juu. Watoto wa vyumba vya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili, na waliofika darasa la sita walikuwa nyuma karibu mwaka mzima. Nyumba moja, walimu wale wale, upande wa jengo tu. Baadaye reli ikawekewa mpira na vyumba vikawekewa dari la kunyonya sauti, na aliporudi kupima, tofauti ilikuwa imekwisha. Treni ile haikuwa na nia mbaya, wala mwenye duka hana. Sheria ya Kenya ya kelele ipo tangu 2009, inakataza wazi vipaza sauti vya kupindukia. Lakini sheria isiyo na mtu wa kuisimamia ni kanzu iliyotundikwa ukutani.

Wala tusiwanyooshee kidole wa bara peke yao. Mombasa, Malindi, Lamu, mara ngapi arusi zetu zimepigwa hadi usiku wa manane wiki ya mitihani? Mara ngapi hata shughuli za kheri, mawaidha na kasida, zimefungiwa vipaza sauti vinne vinavyotazama mtaani, wakati waliohudhuria wote wako ndani ya kumbi? Mama mwenye mtoto wa darasa la mwisho huona haya kulalamika, maana ataambiwa anapinga dini. Tunamsemea: hapingi dini. Twaona serikali za kaunti, ya Machakos na zetu za Pwani, zingeweza kuweka jambo jepesi katika miezi ya mitihani: tangu Magharibi hadi saa nne za usiku, sauti za maduka, matatu na kumbi zibaki ndani ya milango. Kamati za misikiti zisingoje kaunti. Na walimu wa madrasa na wa skuli wangekaa pamoja, hata mara moja kwa muhula, wale wa madrasa wawaonyeshe wenzao jinsi kitu kikavu kinavyotiwa mizani kikabebwa.

Nilimwandikia mpwa wangu haya yote kwa barua ndefu, kwa mkono. Akanijibu kwa simu, kwamba atajaribu mwenyewe kabla ya kunisadiki, na nilifurahi kusikia hivyo. Usiku mmoja aliandika majina kumi ya sehemu za mwili kwa mpangilio, akayasoma huku anasikiliza. Usiku wa pili majina mengine kumi, kimya. Mara ya kwanza alishika sita. Mara ya pili, tisa. Nikamwambia jaribio la mtu mmoja kwa siku mbili si elimu. Akasema, "Najua, Mjomba, nimerudia mara nne."

Siku hizi hupiga pasi sare zake na nyimbo masikioni, kisha huvifungia vile vidude kabatini mwa mama yake. Baada ya Isha hubaki msikitini na daftari, akitembea safu kwa safu akisoma kwa sauti ya chini, kwa ruhusa ya imamu. Redio ya jikoni imehamia upande wa uani. Na baba yake, badala ya kuikamata simu mara ya nne, alivuka barabara kwenda kuzungumza na mwenye duka. Kumbe naye ana binti wa kidato hicho hicho, anayesomea nyuma ya rafu za bidhaa, chini kabisa ya kile kipaza sauti. Mzee yule alikishusha kutoka juu ya mlango akakiweka ndani. Siku za soko hukirudisha.